Mshono wa Kwapani

Kila Jumatatu Badri huniletea makoti ya judo,
gunia zima, bado yananuka jasho na dawa ya kuchua.
Hulibwaga juu ya cherehani yangu:
Lamara, shona. Jumamosi tunakwenda Batumi.

Hajui kwamba wote nimekwisha kuwasoma.
Otari, yule mwenye shingo ya fahali,
koti lake halichaniki kifuani hata siku moja.
Huchanika nyuma, kwenye ukosi,
pale anaposhikwa mtu ambaye tayari ameinama.
Nimelishona hapo mara sita.
Sijamwambia mtu.

Septemba, mbele ya ukuta wa kijani uliobabuka,
Badri huwapanga watoto kama mnunuzi wa ndama:
huyu kifua, huyu nyonga, huyu vifundo.
Mfupi aende mieleka, kitovu chake kiko jirani na ardhi.
Mwenye mikono mirefu akapige ngumi.
Mnene abaki, basi likizimika tutamhitaji.
Watoto hucheka.
Mnene hucheka kabla yao; amejifunza kuwahi.

Mwaka juzi alimrudisha Tsira nyumbani.
Miguu ya korongo, alisema,
na magoti yanayosalimiana njia nzima.
Mama yake akaniletea koti lililokwisha kununuliwa,
nilipunguze liwe la kuvaa shuleni,
angalau hasara isiwe nzima.

Nikampima.
Miaka thelathini na minne napima watu hapa Kutaisi,
maharusi, maiti, vijana wa jeshi wanaokwenda
na wachache zaidi wanaorudi,
lakini mkono ule! Futi ilitoka begani
ikatembea, ikatembea,
nikadhani nimeanzia mahali pabaya.
Nikamwambia asimame kwa mguu mmoja nipime pindo.
Akasimama. Simu ikalia.
Nikagombana na mtu wa umeme, nikagombana tena,
nikarudi na hasira zangu
nikamkuta bado yuko juu ya mguu uleule,
anatazama barabarani, anatafuna mbegu za alizeti.

Koti sikulipunguza.
Wembamba wa reli, nikamwambia mama yake, garimoshi hupita.
Nikaweka kitambaa maradufu kwapani,
kwa kuwa mikono ile ingefika
mahali ambapo mshona makoti wa kiwandani hakupawazia.

Akarudi ukumbini akasimama mlangoni, siku tatu, nne,
mpaka Badri akachoka kumwona.
Ingia, uwe wa kuangushwa.
Basi akaangushwa. Msimu mzima wa baridi
koti lake lilinijia na vumbi la mkeka mgongoni,
mgongoni tu,
nami nikalipiga brashi bila kusema neno,
nikijilaumu kidogo.

Nami nilikuwa na mwili wangu, zamani.
Walisema nyonga hizi ni za kuzaa.
Sikuzaa. Zimekalia kigoda.

Jumatatu hii nimefungua gunia.
La Otari juu: ukosi umetoka mara ya saba,
safari hii mpaka kati ya mabega, moja kwa moja,
kama mtu aliyefungua barua.
La Tsira chini kabisa.
Mgongo safi.
Kwapani, kitambaa maradufu, nyuzi zangu za nailoni,
pamefumuka pote.

Nikaweka makoti mawili kando kando mezani.
Nikachemsha chai. Nikayatazama tena.

Badri alipokuja nilimuuliza nani anakwenda Batumi.
Akakuna kidevu. Akasema basi lina viti kumi na vinne,
akasema tutaona,
akasema, hebu nipime na mimi, Lamara,
mkanda huu siku hizi haufiki kufunga fundo.
Akainua mikono.
Nikazungusha futi, nikavuta pumzi kwa niaba yake,
nikasoma nambari kimoyomoyo.